Popo wa Kigwa Mwenye Anwani ya Tabora

Dakta Nurdini alikuwa msomi wa kweli. Alikuwa na vyeti vitatu na hakuwahi kukosea tangu azaliwe. Kwa miaka kumi na mmoja alimtuma Anselm, mtega nyavu wake, kumtafuta mjini Tabora popo mwenye doa jeupe nyuma ya kila sikio. Sayansi ilimjua kwa mzoga mmoja tu, uliokaa kwenye chupa Ulaya tangu enzi za misafara. Kibandiko cha chupa kilisema: Tabora.

Anselm alitega mtaa wa Isevya, akatega stesheni, akaambulia lawama.

Kumbe madoa meupe yalijaa kijijini kwao Kigwa, kwenye ghala la tumbaku la mzee Adriano, ambaye tayari alikuwa amenunua sumu ya kuwapulizia popo hao Ijumaa.

"Niletee karatasi ya mkubwa wako, nitawaacha," mzee alisema. "Bila karatasi, mwanangu, tumbaku yangu hailali na mavi ya popo."

Jumatano Anselm alifika Tabora na popo mmoja ndani ya mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo, Daktari. Ndiye huyu."

"Marahaba. Umemtoa wapi?"

"Kigwa."

Dakta alimtazama popo, akatazama kitabu, akaamini kitabu. "Wetu ni wa Tabora. Huyu ni spishi nyingine, ya kawaida tu."

"Daktari, msafara ulipita Kigwa kwanza. Babu zetu walibeba mizigo, ikafunguliwa na kuandikwa Tabora."

"Siku hizi wapagazi ndio wanatufundisha uainishaji?"

Hakusaini karatasi aliyoitaka mzee. Alhamisi Anselm alimrudisha popo ghalani kwa wenzake, maana alimwonea huruma.

Jumatatu ikaja barua kutoka Ulaya, na barua za Ulaya, kama tujuavyo, huzaliwa na akili. Shajara ya msafiri ilikuwa imepatikana: popo alinaswa Kigwa, akatiwa chupani Tabora. Dakta aliwasha gari, akambeba Anselm na kamera mbili.

Walimkuta mzee Adriano anafagia. Dakta aliokota mzoga kwenye lundo la popo, akapima bawa, akahesabu meno. "Ndiye! Anselm, tumempata!"

Anselm alilia mbele yao bila aibu. Dakta, ambaye machozi hayamo kwenye fani yake, alimpa chupa na kalamu aandike kibandiko.

Anselm akaandika kwa mwandiko safi. Mahali: Kigwa. Idadi: wote.