Upapi Ulioruka

Mtaani walimwita Mama Papi, ingawa hakujaaliwa mtoto. Jina alipewa na kazi yake: papi, vipande virefu vya mbao, vyembamba kama jalada la kitabu, ambavyo mafundi wengine walivikimbia na yeye alivitoa kwenye msumeno wa meza vikiwa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Aliyetaka dirisha la kupitisha upepo bila kupitisha macho ya majirani alielekezwa kwake.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mrefu na mkondefu, basi wakamwita Sindano. Alishonea kibarazani kwao, na kila mchana alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akabeba chakula na kuvuka barabara kwenda kula na mkewe karakanani.

"Usinisogelee na huo msumeno," alizoea kumtania. "Utaniuza kama upapi."

"Nani atakununua? Umepinda."

Alipenda kumsikiliza mkewe akieleza kazi yake, na mke alipenda kueleza. Ukitaka upapi mwembamba, alimwambia, usiupitishe kati ya msumeno na chuma cha mwongozo, kile cha pembeni kinachouongoza ubao. Hapo unabanwa, hauna pa kwenda, na meno yakiudaka yanaurusha nyuma kama mshale. Uache ubao mnene ndio uegemee chuma, upapi uangukie upande wa nje. Kisha unasogeza chuma, unapima, unakata mwingine. Inachosha, lakini jioni unarudi nyumbani mzima.

Siku yenyewe umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka tangu asubuhi. Kulikuwa na madirisha ya ukumbi wa mikutano, na zilibaki papi chache tu. Kila Mama Papi alipomaliza kupima, mashine ilizimika. Ilipowaka, akapima tena. Uvumilivu ukamwishia. Akakifunga chuma karibu kabisa na msumeno, kwa nafasi ya unene wa upapi mmoja, akaanza kuusukuma ubao bila kusogeza kitu. Wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukatoka vizuri zaidi, na huo uzuri ndio uliomponza.

Alikuwa ameziba masikio, hakusikia mlango. Sindano aliingia na bakuli, akapita nyuma yake kama siku zote, akielekea kwenye benchi.

Alichohisi Mama Papi ni mshtuko mdogo mkononi. Upapi haukuwepo tena mezani. Alipogeuka alimwona mumewe amesimama wima, bakuli bado mkononi, uso ameuinamisha kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha bakuli likaanguka.

Hospitali walipokelewa na daktari mmoja mwanamke, mpole wa sauti, ambaye hakuwaficha kitu.

"Jicho la kushoto halitaona tena," alisema. "Nashauri tuliondoe mapema. Jicho likiumia hivi, mara chache mwili huchanganyikiwa ukalishambulia na lile zima."

"Mara chache kiasi gani?" Sindano akauliza.

"Chache sana. Lakini nimeshaona."

Sindano alimgeukia mkewe. "Wewe unasemaje?"

Mama Papi alijua jibu. Lakini alilifikiria lile shimo usoni pa mtu aliyempenda, akafikiria kwamba yeye ndiye aliyelichimba, na sasa anaambiwa alimalizie.

"Tusubiri kidogo," akasema. "Labda litapata nafuu."

Daktari akarudia ushauri wake, safari hii polepole zaidi. Sindano akatikisa kichwa. Mkewe amesema wasubiri, basi watasubiri.

Nyumbani dada yake Sindano, wifi wa Mama Papi, alikuja kuwapikia. Alipika, akafua, akampa kila mgeni maneno yale yale: ajali kazini, haina mwenyewe. Mzee wa Randa, fundi mwenzake Mama Papi karakanani kwa miaka mingi, alikuja pia. Alipoaga alimvuta Mama Papi pembeni ya mlango.

"Nilikirudisha chuma mahali pake kabla watu hawajaingia," alimnong'oneza. "Hakuna aliyeona."

Alidhani anamtua mzigo. Mama Papi alimshukuru, akafunga mlango, akakaa palepale sakafuni.

Siku wifi alipoondoka, Sindano aliuliza, kitandani, bila kumgeukia.

"Ulikuwa umeubana upapi upande wa chuma?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema, akavuta shuka.

Hakuuliza tena. Hata walipokosana kwa mambo madogo ya nyumbani hakulitoa lile neno kumpigia nalo. Mara nyingi Mama Papi alitamani angelitoa, apige kelele, avunje hata sahani moja. Sindano alikula alichopewa, akashukuru, akarudi kibarazani.

Huko kibarazani alikuwa ameanza kujifunza upya kushona. Nyuzi zilimkwepa mwanzoni, akajichoma vidole, kisha mikono ikazoea. "Sindano ina tundu moja, na mimi ninalo moja," aliwaambia wateja. "Tumefanana sasa." Wateja walicheka kwa kusitasita. Mama Papi alianza kulala usingizi.

Halafu mchana mmoja, jua likiwaka, Sindano akamwambia amwashie taa.

Walikimbilia hospitali. Kukawa na sindano za dawa, vidonge, matone ya kila saa, na lile jicho la kushoto likaondolewa hatimaye, wakati kuliondoa hakukusaidia tena. La kulia likaendelea kufifia. Kwanza aliona watu kama wako nyuma ya pazia, kisha vivuli, kisha tofauti tu kati ya dirisha na ukuta. Daktari hakusema kwamba aliwaambia. Aliandika dawa nyingine, akamwongoza Sindano mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Papi alirudi karakanani kwa sababu walihitaji kula. Kabla hajawasha mashine alitengeneza alichopaswa kukitengeneza miaka iliyopita. Upande wa nje wa msumeno, kabla ya meno, alifunga kizuizi chenye kigurudumu kidogo, ili ubao ukisogezwa hadi kukigusa, unene wa kila upapi uwe uleule bila kupima. Akachonga kishikizo kirefu cha mti chenye kisigino, cha kuusukumia ubao bila kidole kukaribia meno. Akabadilisha bamba la mezani linalozunguka msumeno, akaweka lenye mwanya mwembamba kiasi kwamba upapi hauwezi kutumbukia. Sakafuni nyuma ya mahali pake alipaka rangi nyekundu, asipite mtu.

Papi zikatoka. Mzee wa Randa alizipanga benchini, akazipitishia kiganja, zikawa kama ubao mmoja.

"Hata kiwandani hawatoi hivi," akasema. "Kukitengeneza hicho kizuizi kumekuchukua muda gani?"

"Asubuhi moja," alijibu.

Alisikia sauti yake mwenyewe ikilisema hilo. Akazima mashine, akaenda nyuma ya rundo la mbao, na Mzee wa Randa akajifanya anatafuta misumari.

Wiki hiyo alikuja kibarazani mteja aliyekuwa safarini muda mrefu, hana habari. Alileta kitambaa cha gauni. Sindano alikipokea, akakipapasa, akakisifu, na kabla mkewe hajasema lolote akamwita ampime mgeni na kutaja vipimo. Mgeni alielewa katikati ya kupimwa. Aliondoka haraka, akisahau kuuliza gauni litakuwa tayari lini.

"Nielekeze," Mama Papi akasema. "Nitakata, nitashona. Wewe nielekeze tu."

"Kitambaa si mbao."

"Nitajifunza."

Sindano alikikunja kile kitambaa mara mbili, akalinganisha kingo kwa vidole vyake mpaka zikalala sawa, akakinyoosha kuelekea sauti ya mkewe.

"Mfuate umrudishie," akasema. "Hajafika mbali."

Mama Papi alikichukua. Alishuka kibarazani, akamwona yule mteja akitembea upande wa pili wa barabara. Hakumwita. Alisimama pale na kitambaa kifuani mpaka mteja akapinda kona, na nyuma yake Sindano akauliza kama amempata.

"Nimempata," akasema.