Kisanduku cha Umeme Chumbani kwa Nasimiyu

Saa nane mchana Nasimiyu alikuwa ameketi kitandani akikunja soksi za watoto wa nyumba, mbili mbili, mlango ulipofunguliwa pasipo hodi. Kaka yake Madam aliingia, akapanda kitandani na viatu vyake, akafungua kisanduku cha umeme kilichokuwa ukutani juu ya mto, akainua swichi ya AC ya sebuleni iliyoanguka kwa joto, akatoka. Nasimiyu akapangusa vumbi kwenye shuka, akaendelea na soksi.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka sita, tangu aje kwa Waarabu kumfanyia Madam kazi za ndani. Nyumba nzima iliwashwa kutoka chumbani kwake, kwa hiyo mlango haukuwekwa komeo. Wakati wa kuvaa aliuegemea kwa mgongo, mguu mmoja ndani ya sketi, masikio nje.

Idi ilipokaribia, Madam alimuuliza anataka gauni au manukato. Madam hakuwa mtu mbaya, kila Idi aliuliza. Safari hii Nasimiyu akasema anataka kisanduku kitolewe kiwekwe koridoni, ili naye awe anafunga mlango. Madam akafikiri, akakubali kwa sharti moja: ukuta usibomolewe wala nyaya zisibadilishwe, maana rangi ilikuwa bado mpya.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu wa nchi yao, Kiprop, wa kampuni moja ya matengenezo kule Industrial Area ya huko huko ugenini.

"Nyinyi kina Kiprop si ndio watu wa mbio?" Nasimiyu akamwambia mlangoni. "Nakungoja tangu saa kumi na mbili."

"Mbio ni zangu, dada. Basi ni la kampuni."

Kazi yenyewe aliijua. Kisanduku cha zamani huachwa pale pale, nyaya zikaungiwa vipande humo ndani, vipande vikapitishwa kwenye tundu moja dogo hadi kisanduku kipya upande wa pili wa ukuta. Akazima umeme, akafungua skrubu, akavuta waya wa jikoni aone umepungua kiasi gani. Ukaja. Akavuta tena, ukazidi kuja, vuguvugu na laini kama shina la malenge linalotambaa. Kufika adhuhuri, nyaya zote kumi na nane zilikuwa zimelala kitandani, na ndefu za kubaki.

"Wewe Mbukusu, umezilisha ugali?"

"Ugali wenyewe mimi sijatosheka nao. Huwa naziongelesha tu nikipiga pasi. Mama amevuna nini, nani ameolewa. Zinavuma, zinaitikia. Humu ndani nani mwingine ataniitikia?"

Kiprop akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia, akarudisha viungio mkobani. Hakutumia hata kimoja.

Saa tisa kisanduku kipya kilikuwa koridoni, kimenyooka vizuri. AC zikanguruma. Mlangoni kwa Nasimiyu, Kiprop akafunga komeo la shaba alilolinunua mwenyewe. Nasimiyu akaingia, akasukuma komeo, akaketi.

Nyumba ikazimika.

Akafungua aulize kulikoni. Nyumba ikawaka.

Kiprop akapima kila waya kwa tester, akakaza kila skrubu, akabadilisha swichi kuu. Mara nne Nasimiyu alifunga komeo, na mara nne friji ikanyamaza. Wakajaribu kuegemeza kiti badala ya komeo. Hata kiti nyaya zilikijua.

"Ubovu hakuna," Kiprop akasema mwishowe, amechuchumaa kando ya ngazi yake. "Zimekulia kwenye chumba kisichofungwa, dada. Ukijifungia, zinaona kama umekufa."

"Basi ziambie niko hapa hapa, nyuma ya ukuta."

"Mimi hazinijui."

Nasimiyu akaziambia nyaya mwenyewe, kwa Kibukusu, taratibu, mdomo karibu na kisanduku. Zikavuma. Akaingia, akafunga. Giza.

Madam akaja na taa ya simu, akasikiliza yote hadi mwisho. Alisikitika, ilionekana usoni. Lakini wageni wa Idi walikuwa wameshatoka Lusail, wako njiani, na nyama ilikuwa kwenye friji. Akamshika Nasimiyu bega, akamwambia kisanduku si kimeshatoka, si ndicho alichoomba? Sasa hakuna atakayepanda kitanda chake tena. Ili mtu asije akajisahau akafunga, mlango utolewe. Khalas, yamekwisha.

Kwenye fomu ya kampuni kulikuwa na nafasi mbili tu: umeme unawaka, umeme hauwaki. Kiprop akatia alama kwenye ya kwanza. Kisha akachukua bisibisi, akaanza na bawaba ya chini.

"Usinichukie, dada."

"Nikuchukie kwa nini? Shika vizuri, ni mzito huo, utakuangukia."

Akasimama upande wa ndani, akaukumbatia mlango kwa mikono yote miwili usiyumbe, mpaka skrubu ya mwisho ikatoka. Taa zote zilikuwa zinawaka.