Koti la Gekara

Syprose hakuwa na mchezo na uchafu, na kila mtu pale kijijini Boito alilijua hilo. Ungefika kwake na gumbuti zenye matope ya shamba la chai, ungemkuta mlangoni na ufagio, na hapo ungejiamulia mwenyewe: unavua au unarudi kwenu. Usimcheke. Mwanawe wa pekee, Gekara, alimlea kwenye nyumba za laini za kampuni ya chai, chumba kimoja, moshi wa jirani ukiingia kwako bila hodi. Shuleni, watoto wa laini walijulikana kwa kola nyeusi. Kola ya Gekara haikuwahi kuwa nyeusi. Mama alitoka kuchuma chai mgongo ukimuuma, akafua. Mvua ilipokataa kuacha nguo zikauke, alizikausha juu ya jiko, moja moja. Mtoto wake akisimama mbele ya watu anuke sabuni. Baadaye walipopata kishamba chao na nyumba ya mabati pale Boito, alihama na ufagio wake na imani yake ile ile.

Basi fikiria kijana aliyelelewa hivyo akaenda kuajiriwa kulea ndovu. Ndovu! Kule juu, mashamba ya chai yanapoishia na msitu unapoanza, kuna kituo kinachookota ndama waliopoteza mama zao, kinawanyonyesha maziwa kwa chupa, na wakikomaa kinawarudisha msituni. Mlezi hulala chumba kimoja na ndama wake, kwa kuwa ndama wa ndovu akiachwa peke yake anaweza kufa kwa majonzi. Syprose aliposikia hayo aliuliza kama hiyo ni kazi ama ni adhabu. Lakini Gekara alikuwa amepata kitu cha moyo wake. Ndama aliyepewa alikuwa jike, ametolewa kwenye mtaro akiwa nusu mfu, na Gekara akampa jina Boito, ili aite jina la kwao kila siku.

Kila likizo alikuja nyumbani na koti lake la kazi, la kijani, refu hadi magotini, likinuka maziwa yaliyochacha, jasho na mavi ya ndovu. Syprose alilifuata na beseni mkononi. Gekara akampokonya.

"Hili liache hivyo hivyo, mama."

Syprose akaona ni uvivu wa kijana ambaye hajaoa. Walivutana, wakacheka, na koti likafukuzwa likalale nje kwenye kamba. Likizo yake ya mwisho, wakinywa chai jikoni, Gekara alimwambia neno ambalo Syprose aliliweka moyoni na hakuliachilia tena.

"Siku moja nitakupeleka umwone. Utavaa koti langu. Akilipata tu, atajua wewe ni wangu."

Hiyo siku haikuja. Mwezi wa pili, Gekara akirudi nyumbani, pikipiki iliyombeba kutoka Sotik iligongwa na lori, na hakufika hospitali. Koti lilikuwa ndani ya begi. Begi lilirudi zima.

Matanga yalileta watu wengi, na Syprose hakuweza kukaa kitako alie ilhali nyumba ni chafu. Alifua shuka za Gekara, blanketi, foronya, taulo, mpaka pazia la chumba chake. Wanawake walimsihi apumzike, akawapita na ndoo. Baada ya mazishi, nguo za marehemu zilifuliwa na kugawanywa kama ilivyo desturi. Binamu wakachukua suruali na shati, Obure, shemeji yake Syprose, akachukua viatu. Koti Syprose hakulitoa. Alilikunja vile vile lilivyokuwa, akalifungia sandukuni.

Watu walilia naye, kisha wakachoka. Ndivyo watu walivyo. Obure alikuja siku moja akamwambia, kwa upole lakini akamwambia, kwamba shemeji, machozi nayo yana mwisho wake, na mtu huangalia mbele. Syprose alimpa chai. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la Gekara mbele ya mtu.

Aliyeliita jina hilo tena alikuwa mtu wa simu. Johana Chepyegon, mkubwa wa walezi kule kituoni, alipiga kumjulia hali, na katika mazungumzo akamwambia kwamba Boito alikataa maziwa baada ya Gekara kufa, karibu wampoteze. Sasa anakunywa, lakini kila mchana akishamaliza anaenda kusimama langoni, pale Gekara alipokuwa akiingilia akitoka likizo. Anasimama tu, akiangalia barabara. Syprose aliweka simu mezani akalia, lakini safari hii kilio kilikuwa na nafuu ndani yake. Kumbe hakuwa peke yake. Kulikuwa na mwingine duniani ambaye hajaambiwa aangalie mbele.

Akataka kumwona. Akataka zaidi ya kumwona: alitaka ndovu yule amjue, kama Gekara alivyoahidi. Akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake kanisani kwao, walipokuwa wakibishana mwezi wa nane kuhusu matembezi ya mwaka, wengine wakisema Nakuru wakaone ziwa, Syprose ambaye huwa hafungui mdomo mikutanoni alisema, ndovu. Wakatazamana. Hakuna aliyepinga.

Walipanga kwenda Jumapili. Ijumaa, kama ilivyo kwa Msabato yeyote, ni siku ya kufua na kupiga pasi kila kitu kabla jua halijatua. Syprose akafungua sanduku. Alipokunjua lile koti, harufu ilimpiga usoni, akaketi kitandani amelikumbatia, akalia hadi akachoka. Kisha akajifuta uso, akaenda kuchukua beseni.

Alilifua kwa moyo wake wote. Alilisugua kola na mikono kwa sabuni ya mche na brashi, akalisuuza kwa maji matatu, ya mwisho akayatia dawa ile ya kulainisha nguo inayonukia maua, akalianika juani, akalipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama. Jamani, angefanyaje? Alikuwa anaenda mahali mwanawe alipofanyia kazi, mbele ya wenzake, mbele ya watalii, kukutana na yule kiumbe aliyelelewa na mwanawe. Hakuna ambaye angeliona koti la Gekara lina taka.

Jumapili walifika kituoni saa tano. Binti aitwaye Nelvine aliwapokea na kuwapa masharti: hapa ndovu hapandwi, hashikwi, haitwi kwa chakula ili apigwe picha. Mnasimama nyuma ya kamba, mnanyamaza, na simu zisitoe mwangaza. Ndovu akitaka kuwakaribia, ni yeye ameamua. Asipotaka, basi. Mama mmoja aliyekuwa amevaa kitenge kipya ili apigwe picha amemkumbatia ndama alinuna waziwazi, na wengine wakanong'ona kwamba heri wangeenda Nakuru. Syprose hakusikia hata neno. Alikuwa ameshika mfuko wake kifuani.

Johana alikuja kuwasalimu, mtu mrefu mwenye mvi, naye Syprose akamwambia yeye ndiye mama yake Gekara. Johana alivua kofia. Alimshika mikono yote miwili, kisha akamwongoza hadi mwisho wa kamba, karibu na njia ambayo Boito huipita akienda langoni. Hapo, alimwambia, asimame atulie. Syprose akatoa koti akalivaa juu ya gauni lake. Lilimfika miguuni. Johana aliinama amrekebishie kola, na mkono ukabaki hewani.

"Umelifua, mama?"

"Nimelifua vizuri. Ningekujaje na uchafu?"

Johana aliangalia chini.

"Limetakata," alisema. "Limetakata sana."

Syprose alishukuru, kwa kuwa aliona amesifiwa.

Ndama walishuka kutoka msituni kwa mstari, wakapokea chupa zao, wakagaagaa kwenye tope jekundu. Johana alimwonyesha Boito, mkubwa kuliko alivyomdhania, sikio moja limechanika. Boito alikunywa upesi, hakucheza. Akaja kwa ile njia.

Ndovu alisimama mbele yake. Aliliona lile umbo la kijani, au alikuwa ameamua tu kusimama, nani ajuaye. Mkonga ukainuka, ukapita juu ya kamba, ukagusa mkono wa koti. Pumzi yake ilikuwa ya moto. Mkonga ukapanda begani, ukaingia kwenye kola, ukashuka kwapani, ukarudi tena kwenye kola, ukatafuta na kutafuta.

"Boito," Syprose alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mama yake."

Mkonga ukakaa kwenye kola kidogo. Kisha ndovu akapiga pumzi kwa nguvu, kama mtu atoavyo vumbi puani, akauteremsha mkonga wake. Akampita. Alienda moja kwa moja hadi langoni, akasimama akiangalia barabara, mgongo wake kwa Syprose aliyevaa koti la Gekara.

"Hakuliona?" Syprose aliuliza.

Johana alimgeukia. "Wao hawaoni sana, mama. Wananusa."

Syprose aliinua mkono wa koti akaupeleka puani. Maua. Alisimama hivyo, mkono usoni, na Johana akamshika bega.

"Hukujua, mama."

"Aliniambia," Syprose alisema. "Aliniambia niliache."

Alikataa kuondoka pale mpaka dereva wa basi alipopiga honi mara kadhaa. Muda wote huo Boito hakugeuka.

Walifika nyumbani Boito jua bado liko juu. Syprose hakumuaga mtu. Alipita mlango wake na viatu vyenye tope jekundu, akaenda chumbani kwa Gekara. Akanusa foronya. Akanusa blanketi, taulo, pazia. Akageuza godoro akanusa upande wa pili, nao alikuwa ameupangusa kwa dawa siku ile ya matanga. Akafungua droo, akakuta kofia ya sufi, akaikandamiza usoni kwa mikono yote miwili. Hiyo pia aliwahi kuifua.

Aliketi sakafuni na kofia ile, akazungusha macho akitafuta kona ambayo mikono yake haikuifikia. Nyumba yote ilikuwa safi.