Shamba Lililopakwa Manjano

Mume wangu Bwanamkuu alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyotuponza. Nasema hivi nikiwa na hasira, na nitabaki na hasira mpaka mwisho wa maneno haya. Anayetaka mjane mpole wa kuinamisha kichwa, akabishe nyumba nyingine.

Hapa kisiwani Pate mtu hatangazi alichojaaliwa. Ukimuuliza mkulima mavuno yalikuwaje, atakwambia amepata kidogo, na huku ghala limejaa hadi mlangoni. Ukialikwa biriani utaambiwa njoo unywe uji. Wengine wanaogopa kijicho, wengine wanaona ni kukosa haya kujisifia riziki ambayo Mwenyezi Mungu anaweza kuitwaa kesho. Mwenye kitu hujishusha, kisha jirani yake humwinua: "Ah, Bwana, usiseme hivyo, shamba lako nani asiyelijua?" Ndivyo tulivyolelewa, na baina yetu sisi kwa sisi hakuna anayepotea.

Lakini Bwanamkuu alizidisha. Siku ya harusi yetu watu walipompongeza kwa kupata mke, aliwajibu, "Twashukuru, ni huyu huyu tu." Nilimnunia fungate nzima.

Shamba letu lilikuwa nje ya mji, mwendo mfupi kwa punda. Babake ndiye aliyelifyeka, naye akaendelea. Hati hatukuwa nayo, kama wengi wa hapa. Tulikuwa na minazi, tulikuwa na kisima, na tulikuwa na watu waliotujua. Upande mmoja tulilima simsim, mahindi na mihogo. Upande wa pili tuliuacha uote kichaka miaka kadhaa ili udongo upumzike, kisha tukahamia huko na kuupumzisha ule wa kwanza. Kila mtu hapa hulima hivyo.

Ndipo wakaja watu wa ardhi kutoka kaunti. Kulikuwa na mpango mpya wa matumizi ya ardhi: wapi palimwe, wapi pajengwe, wapi pawe pa wageni wa kitalii, wapi msitu usiguswe. Kiongozi wao alikuwa msichana aitwaye Valary, mtu wa bara, mwenye viatu vizito na sauti ya upole. Boti ilikuwa imemtapisha njia nzima. Nilimpenda papo hapo, na mpaka leo sijaweza kumchukia, jambo linaloniudhi sana.

Bwanamkuu alitandika mkeka chini ya minazi. Akaangua madafu. Mimi nikapakua wali wa nazi na samaki, na mihogo, na kashata za simsim. Ukitoa samaki na mchele, kila kilichokuwa mkekani kilitoka katika udongo uleule waliokuja kuupima. Bwanamkuu akawaambia, "Jilazimisheni, wanangu. Si chakula hiki."

Walijilazimisha mpaka sinia likang'aa. Kisha Valary akajipangusa mikono na kuuliza, "Mzee, shamba hili linakupa nini kwa mwaka?"

Nyuma yake simsim ilikuwa imechanua. Ulikuwa mwaka mzuri ambao mfano wake hatukuwa tumeuona siku nyingi. Nilimwona mume wangu akiitazama ile simsim, akawatazama wale wageni na macho yao, akatabasamu.

"Kunipa? Halinipi kitu, mwanangu. Naya hapa kuondoa uvivu tu."

"Na kule kichakani?"

"Kule ni nyika. Hapana mtu."

Nilitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Nilimvuta pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini, "Umemwambiani binti wa watu? Mwambie ukweli!"

"Mama Hayat, watoto wametoka ndia ya mbali," alinijibu. "Tuwape zakula, tusiwape majisifu. Mato anayo, aona mwenyewe."

Hapo ndipo alipokosea, kuyategemea macho ya mgeni, na ni kosa ambalo mtu wa Pate tu ndiye angelifanya. Kwetu sisi, mtu akikwambia hana kitu huku amekulisha ukashiba, wewe unaamini tumbo lako. Valary aliamini masikio yake, na kwao pengine ndiyo adabu, kuandika neno la mzee kama lilivyo. Majirani zetu waliohojiwa wiki ileile walisemewa na watoto wao waliosoma, nao vijana wa siku hizi hawana haya, walitaja mpaka kuku.

Mvua ilikuja, ikaenda, ndipo tukaitwa kikaoni. Kilifanyika skulini, katika darasa kubwa, wanaume mbele na sisi wanawake nyuma. Ramani ilibandikwa ubaoni. Kilimo kilipakwa kijani. Manjano ilikuwa ya utalii na nyumba za mapumziko, na mkulima wa ndani yake asiye na hati angeondolewa. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Abdulwahid, mtu wa hapahapa mjini, mwenye kalamu tatu mfukoni na mwendo wa mtu anayetafuta ya nne. Aliita maeneo moja baada ya jingine. Shamba la Shukri, jirani yetu wa mpakani: kijani. Mashamba ya upande wa kisima chetu: kijani. Kisha fimbo yake ikasimama juu yetu.

"Hili, kwa kauli ya mwenyewe, halilimwi," alisema Abdulwahid. "Manjano."

Nilimtazama Bwanamkuu kwa nyuma. Niliona kofia tu, na shingo yake nyembamba. Haikutikisika.

Basi nikasimama mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri, ila hasira inasaidia. Nilitaja minazi safu kwa safu na nani aliipanda. Nilitaja simsim, nikataja mahindi na mihogo na ndimu. Nilitaja kisima alichokichimba Bwanamkuu kwa mikono yake mwaka aliozaliwa binti yetu Hayat, mpaka kucha zikamtoka. Nilisema Hayat alisomeshwa na shamba hili hadi akawa mwalimu kule mjini Amu. Nikawaeleza kwamba kile kichaka ni shamba lililolala, na kila mtu mle ndani analijua hilo. Mwanamke mmoja alinivuta buibui akininong'oneza, "Kaa, Bi Swafiya, wayitia jicho nyumba yako." Nikamwambia jicho lishaingia, liko pale ubaoni, la manjano.

Watu walicheka kidogo. Abdulwahid hakucheka.

"Bi Swafiya, twakuheshimu. Lakini kauli iliyopo ni ya Bwanamkuu. Aiondoe mwenyewe." Kisha akawageukia wanaume. "Na muyue yambo moya. Manjano hii haifutiki ikaisha. Upande huu lazima papatikane mahali. Ikitoka kwa Bwanamkuu, yasogea kwa jirani."

Valary akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na naapa hakuwa akiigiza.

"Mzee, mimi niliandika ulivyoniambia. Ukisema tu kwamba unalima, na unapata mavuno, nitabadilisha hapa hapa. Ni neno lako tu linalohitajika."

Bwanamkuu akainuka polepole. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Nami moyoni nikawa nasema, sema, Baba Hayat, sema mara moja tu maishani mwako, sema tunacho.

"Tusimtie binti wa watu makosani," alisema. "Maneno yale ni yangu. Mimi ni mkulima mdogo tu. Shamba lenyewe majirani ndio walijuao kuliko mimi."

Akanyamaza. Wageni walidhani amemaliza. Sisi tulijua kwamba hajamaliza, kwamba ndiyo kwanza amefungua mlango. Alikuwa amejishusha, na sasa alikuwa akingoja kuinuliwa. Ilitosha mtu mmoja aseme, "Ah, Bwanamkuu, shamba lako nani asiyelijua?" Mmoja tu, kisha wangefuata wote, kama inavyokuwa siku zote.

Aliugeuza uso wake kwa Shukri. Shukri alikuwa akinywesha punda wake kwenye kisima chetu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Tulipotoboa maji, yeye ndiye wa kwanza kuyaonja. Shukri alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Bwanamkuu akamtazama aliyefuata. Akamtazama mwingine. Kila aliyemtazama aliinamisha kichwa, na kila mmoja shamba lake lilikuwa la kijani. Nimezika wazazi wangu wawili, na bado sijaona kitu kilichoniumiza kama kumwona mzee yule akizunguka na macho yake darasani, akiomba bila kuomba, akikosa.

"Basi," alisema. "Hapana neno." Akaketi, akaiweka sawa kanzu yake magotini.

Bunge la kaunti lilipitisha mpango ule kabla ya Ramadhani. Vijana wakaja na mawe ya mpaka, wakayapaka rangi nyekundu, wakayapanda kwenye pembe za shamba, moja wakaliweka hatua chache kutoka kisimani. Bwanamkuu aliwaangulia madafu. Walituruhusu tuvune simsim iliyokuwapo, tuondoke.

Tulivuna sisi wawili na Hayat, aliyeomba ruhusa kazini akaja. Hatukuimba. Simsim ilipopepetwa, mume wangu alijaza pakacha dogo, kama afanyavyo kila mwaka, akanipa nimpelekee Shukri.

"Sipeleki," nikamwambia. "Heri niimwage baharini."

"Shukri ana kosa gani? Alikuwa akitunda lake."

"Na lako nani alikuwa akilitunza? Miaka yote hii umewainua watu, Bwanamkuu! Wewe ulipoanguka, nani alikupa mkono?"

Alilichukua lile pakacha akalipeleka mwenyewe. Aliporudi alikaa ukumbini, mgongo ukutani, akiutazama mlango wa ghala. Nilikwenda nikakaa kando yake. Nilitaka kumgombeza zaidi, lakini nilipoiona mikono yake, iliyokuwa imelala mapajani haina cha kushika, nililia. Nilimpenda mtu yule. Tangu harusini kwetu nilimgombeza kila siku, na kila siku nilimpenda.

Baada ya hapo alipungua. Alikuwa akiamka, anaswali, anachukua jembe, anafika nalo mlangoni, kisha analirudisha. Akaanza kusimama katikati ya ngazi na kujishika kifua. Nilipomuuliza alisema ni vumbi. Nilimkokota mpaka zahanati. Daktari, kijana mwenye haraka na foleni ndefu nje, alimuuliza, "Unaumwa na nini, mzee?"

"Siumwi, mwanangu. Ni uchovu kidogo tu. Wahudumie wenye maradhi."

"Usimsadiki!" nilimwambia daktari. "Huyu hata akiungua atakwambia ahisi yoto kidogo!"

Daktari alicheka. Bwanamkuu naye alicheka, akanipigapiga mkono, akamwambia, "Mke wangu anihofia tu." Tukapewa vidonge vya maumivu na tukarudi nyumbani. Alifariki wiki ileile baada ya swala ya alasiri, mahali palepale ukumbini, mgongo ukutani. Hayat alikuwa njiani na boti haikuwahi.

Mji wote ulikuja kuzika. Shukri alishika jeneza mbele, na nilisikia kwamba alilia kuliko watu wote, na kwamba kaburini alisema kwa sauti, "Hakuna aliyelima kama Bwanamkuu." Waliponiletea habari hiyo nilitoka chumbani, nikaenda kukaa jikoni peke yangu.

Nilikuwa ndani ya eda Valary alipokuja. Alivua viatu vyake vizito mlangoni, akaja kukaa karibu yangu mkekani. Boti ilikuwa imemtapisha tena, alikuwa kijivu kama jivu. Alisema pole, akajifuta pua kwa mkono. Kisha akasema kwamba kuna ardhi ya kaunti upande wa pili wa kisiwa iliyotengwa kwa waliohamishwa na mpango, na kwamba amekuja mwenyewe kwa sababu anataka kuniweka mbele.

"Lakini ni lazima mwenye shida aseme, Mama. Siwezi kumwandikia mtu ambaye hajasema. Niambie tu ukweli. Una shida gani?"

Nilikuwa nimeingoja siku ile. Nililala nayo na kuamka nayo. Nilikwisha kuyapanga maneno yote: kwamba ghala ni tupu, kwamba nala kwa mshahara wa binti yangu, kwamba nataka udongo, hata mbaya, wa kushika kabla sijafa. Hayat alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, naye ndiye aliyenikumbusha asubuhi, "Mama, usione haya, mwambie yote."

Nilimtazama msichana yule. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikamsukumia kikombe cha chai, na sahani ya kaimati ambazo jirani alituletea.

"Jilazimishe, mwanangu," nikasema. "Mimi sina shida. Twala, twashukuru. Wape wenye haja."

Nilijisikia nikiyasema, na ilikuwa sauti ya Bwanamkuu. Nilingoja. Mungu wangu, nilingoja aniambie, "Ah, Mama, usiseme hivyo."

Valary alikunywa chai yake. Alinishika mkono akasema amefurahi kusikia hivyo, maana amekuwa hapati usingizi kwa ajili yetu. Akaenda kuvaa viatu. Nilimsikia Hayat nyuma ya pazia akilia, na ngazini nikasikia hatua za msichana zikishuka, nyepesi kuliko zilipopanda, kwa kuwa alikuwa ameniamini.