Hakuna Kuinuka Kabla ya Nukta

Lehemu aliingia nyumbani amekumbatia transfoma ya televisheni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga mwenye homa. Alikuwa ameifunga kwa taulo mbili. Njia nzima aliipakata, na kila gari liliporuka shimo aliinyanyua kidogo isitikisike. Siku nne hakuwepo, kisa chuma hicho kizito, ukubwa wake hauzidi tofali. Alikuwa amekifuata kwa fundi mmoja mzee wa mji wa mbali. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki ili kazi yake ikamilike.

Jina hilo la Lehemu alipewa na mafundi wenzake. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye karakana ya redio na televisheni akiunganisha nyaya kwa lehemu, ile risasi ya kuyeyushwa, na kiungo alichokigusa yeye hakikuachia tena. Alipostaafu, chumba chake cha nyuma alikigeuza hospitali ya televisheni za zamani, zile za mbao zenye miguu minne na vifungo vya kuzungusha. Alikuwa nazo saba. Majirani walisema mwanamke mzima anafuga masanduku. Aliwaacha waseme.

Ya nane ilikuwa ya marehemu baba yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Ilikuwa ya kwanza mtaani. Watu walijaa sebuleni, wengine wakasimama nje dirishani, na baba alikuwa na sharti lake moja: akishaizima, haruhusiwi mtu kuinuka mpaka ile nukta nyeupe katikati ya kioo ififie na kutoweka kabisa. Watu wazima na ndevu zao walikaa kimya wakiitazama nukta ikinywea. Ikiisha, baba anasema, "Haya, kwaherini," na viatu vinaanza kutafutana mlangoni.

Sasa mama yake alikuwa amebakiwa na macho ya kutofautisha mwanga na giza tu, na daktari alikuwa amesema hata hayo hayatamaliza mwaka. Picha asingeziona. Ila nukta nyeupe kwenye kioo cheusi, akisogezwa karibu, angeiona. Aliliomba hilo mara moja tu, akiwa anamenya viazi, kama mtu anayeomba chumvi. Lehemu akalishika. Miezi kumi na moja alisafisha, akabadilisha kapasita zilizovimba, akapima valvu kumi na nne, vile vioo vidogo vinavyowaka ndani, moja moja. Kabla ya kusafiri, tyubu ya picha, lile puto kubwa la kioo, aliitoa, akailaza kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa, na vya ndani vyote akavipanga juu ya magazeti kwa mpangilio wa kuvirudisha.

Mdogo wake wa kiume alikuwa amesimama mlangoni, anachekacheka. Alikuwa na duka la samani, na mtaa mzima ulimwita Makochi.

"Dada, pole na safari. Usiende huko nyuma kwanza. Pita sebuleni."

"Ngoja niweke mzigo wangu."

"Mzigo hauna miguu. Pita kwanza."

Akapita. Televisheni ya baba ilikuwa imesimama ukutani, imepigwa vanishi hadi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Makochi akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza. Ndani ya sanduku wakatokea watu wanakimbizana na mpira kwenye nyasi za kijani, rangi kali, sauti imejaa chumba.

"Unaona? Nilikuta umeifumua yote, imekushinda, nikasema dada yangu atajiua bure. Nikamwita fundi wa simu. Asubuhi moja tu, kazi kwisha. Kioo bapa, kipya."

Lehemu hakukaa. Aliizunguka ile televisheni, akachungulia nyuma. Badala ya tyubu palikuwa na kioo chembamba kilichobanwa kwa skrubu nne, na waya mmoja mweusi. Basi.

"Vya ndani viko wapi?"

"Vya ndani vipi?"

"Vilivyokuwa juu ya magazeti."

"Aa, yale makutu? Nilimpa mtu wa vyuma chakavu. Chumba chako sasa kinapumua, dada, utaniombea dua."

Lehemu aliishusha transfoma taratibu juu ya meza, akaifungua taulo ya kwanza, akaifungua ya pili.

"Unajua hii ni nini?"

"Chuma."

"Imenichukua siku nne. Ningeifunga leo, keshokutwa mama angeona nukta yake. Haikuwa imenishinda. Ilikuwa imebakiza hiki."

Makochi alizima kwa rimoti. Kioo kikawa cheusi papo hapo, pasipo nukta wala chochote. "Lakini dada, hii inaonyesha. Ile ilikuwa haionyeshi kitu."

"Mama anaona nini kwenye hiyo? Mpira?"

Lehemu akamshika mkono wa shati. "Twende. Wewe ndiye utakayeniongoza."

Mtu wa vyuma chakavu walimkuta getini kwake, nyundo mkononi. Alimtazama Makochi, akamtazama dada mtu, akajua mara moja nani ana shida na nani ni shida.

"Mama, vile vioo vidogo nimeviona vizuri nikaviweka kando. Hivi hapa, tisa. Na hili bati lake lenye nyaya, sijaligusa. Ila lile puto kubwa la kioo," akakuna shingo, "shingoni lina shaba. Shaba haitoki bila kupasua."

Vipande vilikuwa kwenye beseni, vinene, vya kijivu. Lehemu alichukua kimoja, akakigeuza. Miezi kumi na moja hakuwa amekikwaruza kioo kile hata kwa ukucha.

"Ungeuliza," alimwambia Makochi. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha yule mdogo mtu. "Simu yangu ilikuwa hewani siku zote nne. Kila jioni ulinipigia kuniuliza nimekula nini. Hukuweza kuniuliza na hili?"

"Ningekuuliza isingekuwa zawadi."

"Ndiyo hii sasa zawadi. Ibebe." Akampakatisha lile bati la nyaya na vumbi lake, juu ya shati lake jeupe la dukani.

Waliporudi walimkuta mama yao sebuleni, amejivutia kigoda mbele ya televisheni. Alikuwa amenusa vanishi. Alipapasa juu, akapapasa kioo, akauondoa mkono wake kidogo, ukabaki karibu kukigusa, akasubiri.

"Iwashe, baba," alimwambia mwanawe.

Makochi akawasha. Mama alisubiri tena, mkono palepale.

"Vinyweleo vya mkono havisimami kama zamani," alisema. "Na juu ni baridi. Ya baba yenu paka alikuwa akiilalia. Hii ya nani?"

"Ni hiyohiyo mama, nimeiboresha tu. Nilitaka ufurahi."

"Sasa mbona hukuniuliza mimi ninafurahi na nini?"

Lehemu alikuwa tayari na bisibisi. Alizilegeza skrubu nne, akang'oa kioo bapa, akakiweka mikononi mwa mdogo wake. "Chukua cha kwako. Usiondoke lakini. Utashika taa."

Kisha akaenda chumba cha nyuma, akasimama mbele ya zile saba. Moja ndiyo iliyokuwa na tyubu ya kipimo kilekile. Ilikuwa ya kwanza kuifufua, ndiyo iliyoufundisha mkono wake, na wenye kuitaka walikuwa wamepiga hodi mpaka wakachoka. Aliegemeza paji la uso juu yake kwa muda mfupi. Halafu akaifungua mgongo, akaitoa tyubu na shaba yake ya shingoni, na valvu tano zilizopungua.

Siku mbili Makochi hakufungua duka. Alishika taa, akapitishiwa nyaya, akaambiwa "juu", "chini", "usipumulie hapo". Zaidi ya hayo hakupewa neno. Alijaribu utani mara mbili, ukamfia mdomoni.

Siku ya pili adhuhuri walifunga mapazia. Kigoda cha mama kilisogezwa mpaka magoti yakagusa mbao. Lehemu alizungusha kifungo. Valvu zilichukua muda wao, moja baada ya nyingine zikaiva nyekundu kama zinazoona aibu, harufu ya vumbi la moto ikatoka, kisha kioo kikajaa chenga na mvumo. Mama alinyoosha mkono. Vinyweleo vikasimama.

"Eh," alisema.

Lehemu akazima. Mwanga ulijikusanya kutoka pembe zote ukaja katikati, ukawa nukta. Mama alisogeza uso, mdomo wazi kidogo.

Makochi alishusha pumzi, akaanza kuinuka. Mkono wa dada yake ulimtua begani, mzito kama ile transfoma, ukamrudisha chini. Walikaa watatu hivyo. Nukta ilinywea, ikanywea, ikawa kama ncha ya sindano, mama akiifuata kwa kichwa mpaka ikaisha.

Lehemu aliondoa mkono.

"Haya," alimwambia mdogo wake. "Sasa nenda."