Mkono Uliovuta Kigari cha Glenys

Jumanne asubuhi, kabla ya kuondoka kwenye kambi ya mpakani mwa majimbo mawili, Ross Trewartha alilizunguka gari-nyumba lake kama alivyofanya kila siku. Alipiga matairi teke moja moja. Alikaza mfuniko wa tangi la maji machafu. Kisha akaenda nyuma kuukagua mkono wa chuma uliounganisha gari-nyumba na kigari cha mkewe, Suzuki nyeupe ya milango miwili. Kufuli la huku lilikuwa limefungwa. La upande wa kigari pia. Alipoinama kuokota kikombe chake cha chai ndipo alipoona kwamba nafasi kati ya magari mawili ilikuwa kubwa kuliko jana.

Akaleta utepe wa kupimia. Mkono ule ulikuwa wa mita mbili tangu siku walipoununua. Sasa ulikuwa mita nne na nusu. Hakukuwa na ufa wala rangi iliyochubuka.

Glenys alikuwa ameketi ndani ya kigari, kwenye kiti cha dereva, mkanda ameufunga.

"Umelala humo?" Ross aliuliza.

"Nipe funguo za kufuli."

"Hairuhusiwi mtu kukaa kwenye gari linalovutwa."

"Ndiyo maana nataka funguo."

Funguo zilining'inia kwenye mkanda wa suruali yake. Ross alizigusa kuhakikisha zipo, akaenda mbele akawasha injini.

Mambo yalikuwa yameanza Jumamosi, mjini Ceduna. Glenys alikuwa anafua, na simu yake ilipolia Ross akaipokea. Alikuwa Kerryn, binti wa Avis, dada yake Glenys. Alisema mama yake hali yake mbaya, na kama mama mdogo anataka kumwona basi aje Streaky Bay leo hii. Kutoka pale hadi Streaky Bay ni mwendo wa saa moja na ushei. Ross alisema atamfikishia. Hakumfikishia. Jumapili alijiambia kwamba atasema wakipata mahali pazuri pa kuegesha. Jumatatu jioni, kilomita karibu mia tano mbele, walipokunjua viti vyao na kufungua bia, akasema.

"Kerryn alipiga simu."

"Lini?"

"Jumamosi."

Glenys aliweka bia chini. Alikwenda kupiga simu kando ya uzio, akarudi. "Avis amekufa jana mchana. Wanamzika Ijumaa, saa tano. Geuza gari."

"Sasa Glenys, na kigari hiki nyuma nitarudi vipi? Unajua mwenyewe mkono huu hauendi kinyumenyume."

"Basi kifungue, niende mwenyewe."

"Tutazungumza kesho."

Hapo ndipo Glenys alipoinuka akaingia kwenye kigari chake.

Ross hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye hofu. Kwa miaka thelathini na minane Avis alikuwa anamwita "yule jamaa," na mara mbili alimwambia Glenys, Ross akiwa papo hapo anatafuna biskuti: "Chumba chako kipo kwangu, siku yoyote." Avis alikuwa amekufa, lakini chumba hakikuwa kimekufa.

Kwenye kizuizi cha mpakani, mkaguzi wa matunda na mboga alipanda ndani akachukua matufaa matatu na chupa ya asali, vitu visivyoruhusiwa kuvuka. Kisha akatembea hadi kwenye kigari.

"Mama, una asali humo?"

"Sina."

"Karanga? Maua?"

"Sina kitu. Nimefiwa."

"Pole sana." Akamgeukia Ross. "Mkono wako mrefu huo, mzee."

"Umekua usiku."

"Funga kitambaa chekundu katikati, malori yauone."

Ross akafunga kitambaa cha kukaushia vyombo.

Jumatano mkono ulikuwa mita sitini. Kwenye kioo cha kamera ya nyuma Glenys alikuwa mdogo kama ukucha. Ross alikitazama kioo kile zaidi kuliko alivyotazama barabara, na mara mbili aliingia kwenye kokoto. Lori la trela tatu liliwapita kwa awamu mbili: lilipita kigari kwanza, likaingia katikati, likatulia, kisha likampita Ross.

"Ahsante babu kwa kuniachia nafasi," dereva alisema kwenye redio ya mawasiliano ya madereva. "Wengine hamtuachii hata pa kupenya paka."

Ross alikipangusa kioo cha kamera kwa mkono wa shati.

Alhamisi mkono ulifika kilomita ishirini. Sasa akisimama yeye kwenye kituo cha mafuta, mkewe alibaki nyikani bila maji wala choo. Kwa hiyo Ross alipofika Caiguna hakusimama. Alipita kituo, akaendelea kwenye ile barabara isiyo na kona, hadi mwenye kituo alipomwita redioni.

"Njoo mbele kidogo, mzee. Kidogo tena. Mita mia. Hamsini. Hapo! Simama! Mama yuko mlangoni kabisa."

Ross alizima injini katikati ya vichaka. Hakuwa na maziwa, akanywa chai ya rangi. Alifurahi kwamba Glenys atapata sahani ya chakula cha moto.

Baadaye kidogo redio ikaita tena.

"Mzee, mkeo amekula, hajambo. Sasa sikiliza. Mimi nina mkasi mkubwa wa kukatia kufuli. Nakata hili la huku, yeye anawasha gari anaondoka, kesho anawahi maziko. Lakini kufuli ni lako, siwezi kulikata bila ruhusa yako."

"Usikate," Ross alisema. "Mkono wa kilomita ishirini ukiachwa bila gari mwishoni, utafyeka watu barabarani."

"Hapo una hoja," mwenye kituo alisema, kisha akasikika akimgeukia mtu mwingine. "Anasema utafyeka watu, mama. Lipo lori linakwenda mashariki jioni hii, nikuombee lifti?"

Sauti ya Glenys ikaja yenyewe, imechukua redio. "Siachi gari langu. Nimelinunua kwa kiinua mgongo changu. Nyumba iliuzwa, sikusema kitu. Piano iliuzwa, nikanyamaza. Ross, unanisikia? Leta funguo."

"Tukifika Norseman."

"Norseman ni Ijumaa jioni."

"Ndiyo."

Redio ikazimwa.

Kulipopambazuka Ijumaa, kamera ya nyuma ilionyesha mkono wa chuma umenyooka kwenye lami mpaka kukutana na mbingu. Kitambaa chekundu hakikuonekana tena. Redio haikumpata mtu. Ross alishuka akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa kinatetemeka, kama reli treni ikiwa mbali. Gari-nyumba halikuwa limesogea hata hatua. Basi kilichokuwa kinasogea ni kule mwisho.

Alirudi ndani, akaketi kwenye usukani. Akala kipande cha mkate mkavu. Akatoka tena akagusa chuma. Kilikuwa kinatetemeka vilevile.

Jua likiwa limeshapanda, lori la kondoo lililotoka mashariki likasimama ubavuni mwake. Dereva, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, akachungulia dirishani.

"Wewe ndiye Ross?"

"Ndiye."

"Nina salamu zako. Zimetoka Ceduna redio kwa redio, mimi nimezipata Caiguna. Kerryn anasema mama mdogo anakuja. Mkono umekuwa ukimsukuma usiku kucha, kinyumenyume, mwendo mzuri tu. Amevuka mpaka, na polisi wa Ceduna wakasimamisha magari kumpisha pale pa kukata kona. Sasa yuko kwenye barabara ya Streaky Bay. Zimebaki kilomita arobaini."

Ross alilamba midomo. "Maziko saa tano."

"Saa tano za kwao, ziko mbele ya zetu. Nusu saa na kitu. Anawahi. Kerryn anasema jambo moja tu, usiondoke. Kaa hapo hapo mpaka yeye aingie kanisani. Hata funguo hawazitaki tena. Ni kukaa tu, babu."

"Nimelipia nafasi ya kambi Esperance, kesho."

"Esperance haihami."

"Najua."

"Haya. Una chai?"

"Ninayo."

Dereva akapunga kidole kimoja, lori likaondoka na kondoo wake.

Ross alibaki na mikono juu ya usukani. Akilini alimwona Glenys akifungua mlango wa kigari mbele ya kanisa na Kerryn akimshika mkono. Aliona baada ya maziko watu wakila mikate midogo yenye jemu, na mtu akimwambia Glenys apumzike kidogo chumbani. Aliona kitanda kimetandikwa. Halafu akajiona yeye, katikati ya nyika, ameshika ncha moja ya chuma cha kilomita karibu elfu moja, na huko ncha nyingine hakuna mtu. Jasho lilimtoka kwapani. Akajiambia ni nusu saa tu. Akaanza kuhesabu, akafika mia mbili na kumi.

Kisha akawasha injini.

Gari-nyumba lilitoka kwa ulaini, kama siku zote. Alifika mwendo wa tisini akaanza kupumua. Alikwenda hivyo dakika kadhaa. Mbele, tai wawili walikuwa juu ya mzoga wa kangaruu, wakahama upande mmoja kumpisha.

Ghafla gari likawa zito. Ardhi pale ni tambarare kama meza, lakini injini ililia kama inapanda mlima. Mwendo ulishuka hadi sabini, kisha hamsini. Ross alitazama joto la injini na presha ya mafuta, ingawa alikwishajua. Kule nyuma, kwenye barabara ya Streaky Bay, Glenys alikuwa amevuta hendibreki.

Alijua pia kinachotokea kwa gari linalovutwa hivyo. Magurudumu hayazunguki, yanaburutwa. Mpira unaliwa na lami, moshi unatoka, na aliye ndani anausikia mpaka kooni.

Mguu wake uliinuka juu ya kanyagio la mafuta, ukakaa hewani kidogo.

Kisha akashusha gia, akakanyaga. Gari likatikisika, likavuta, likaanza kwenda tena, polepole. Dizeli ilikuwa inaisha haraka kuliko kawaida. Akapiga hesabu, akaona itamfikisha Norseman.