Maziwa Ndani ya Mfungo

Wiki hiyo Yeshimebet alitembea kifua mbele. Biskuti za mfungo za kiwanda chake zilikuwa zikiisha madukani kabla hazijapangwa vizuri, na wenye maduka wa Debre Birhan, ambao kwa kawaida humpigia simu kulalamika tu, sasa walimpigia kumsifu. Mmoja alimuuliza safari hii ameweka kitu gani. Akamjibu ameweka akili.

Jumanne asubuhi Demissew, msimamizi wa mitambo, aliingia ofisini kofia mkononi na kufunga mlango nyuma yake. Tangu aajiriwe hakuwahi kufunga mlango wowote, hata wa choo.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa, Demissew. Unaniona nimesimama?"

"Basi endelea kukaa."

Akaeleza huku akiiminya kofia kama nguo inayokamuliwa maji. Unga wa maziwa na unga wa soya hutoka kwa muuzaji mmoja, kwenye magunia meupe yanayofanana. Miaka yote magunia ya maziwa huwa na mstari mwekundu. Mwaka huu muuzaji alibana matumizi, akauacha. Siku ya kuukaribisha Mfungo Mkuu kiwanda kilifanya kila kitu kama inavyotakiwa: mitambo ilioshwa kwa maji ya moto, kasisi Abba Kinfe akaja kuinyunyizia maji ya baraka, na magunia ya maziwa yakafungiwa stoo ya nyuma mpaka Pasaka.

"Ila tuliyoyafungia ni ya soya," Demissew alisema. "Kwa kufuli mbili."

Yeshimebet alimtazama bila kupepesa. "Na kuonja? Si ndiyo kazi yako?"

"Mama, ni mfungo. Siweki kitu mdomoni mpaka saa tisa."

"Na saa tisa ikifika?"

"Naonja. Nikaona ni tamu kupita kiasi."

"Halafu?"

"Nikadhani ni njaa."

Hilo Yeshimebet alilielewa. Saa tisa ya mfungo hata maji huwa matamu. Kwa hiyo mji mzima, ulioapa kutogusa nyama, mayai wala maziwa mpaka Pasaka, ulikuwa ukinywesha maziwa matumbo yake kila alasiri, kutoka pakiti iliyoandikwa kwa herufi za kijani HALISI YA MFUNGO. Herufi hizo alizichagua mwenyewe.

Alisimamisha mtambo, akaamuru magunia yabadilishwe papo hapo. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Halafu akamwita Surafel, meneja wa mauzo, kijana mwenye shahada kutoka Addis na viatu visivyojua matope.

"Tuna njia tatu," Surafel alisema baada ya kusikiliza. "Ya kwanza, tunyamaze. Ya pili, tunyamaze huku tukiandaa taarifa."

"Na ya tatu?"

"Tuichane taarifa."

"Surafel, watu wamevunja mfungo bila kujua."

"Ndiyo maana hawana dhambi, bosi. Tukiwaambia ndipo tunawapa dhambi. Na washindani wetu wa Adama wanasubiri tuteleze tu. Pasaka yote watauza wao. Hapa kuna wafanyakazi wana watoto."

Hilo la watoto lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na alikasirika kwamba Surafel ndiye aliyelisema. Akasema atafikiri. Alikuwa akimcheka kila mkurugenzi anayesema atafikiri.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Emahoy Tirunesh, kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa. Tangu afiwe na mumewe bibi huyu alivaa kofia ya manjano ya utawa, na hakuna aliyekumbuka lini alivunja mfungo. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka siku nyingi. Saa tisa ikigonga, chakula chake kilikuwa biskuti za mkwewe zilizochovywa kwenye chai. Yeshimebet aliweza kukabiliana na benki, na madiwani, na hata na watu wa Adama. Lakini mbele ya bibi huyu aliogopa.

"Za safari hii zimebarikiwa," Emahoy alisema, akiichovya moja. "Ni ile dua ya Abba Kinfe."

Yeshimebet alifungua mdomo.

"Unataka moja?"

"Hapana, Emahoy."

"Nilisahau. Wewe una vidonda vya tumbo."

Vidonda vya Yeshimebet vilikuwa vya ajabu kidogo. Huanza kila mwaka pamoja na mfungo na kupona Jumapili ya Pasaka. Daktari alimwambia anywe maziwa, naye hakuona haja ya kumsumbua daktari wa pili. Kahawa yake ya asubuhi, yenye maziwa, aliinywa ofisini mlango umefungwa.

Emahoy aliichovya ya pili. Yeshimebet akaona imelowa, imeinuliwa, imeingia. Akamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Jumatano ikawa vilevile, na Alhamisi, na kila alipojiandaa kusema, aliishia kuongelea bei ya mkaa.

Ijumaa Surafel aliingia bila kubisha hodi.

"Wenye maduka wanarudisha mzigo," alisema.

Yeshimebet aliinuka kitini. "Wamejua?"

"Hawajajua kitu. Wanarudisha hizi mpya, za soya. Wanasema zimepoa, wanazitaka zile za mwanzo. Na masista wa monasteri ya mlimani wameagiza katoni kwa ajili ya wiki ya mateso. Bosi, wale mwaka mzima hula njegere zilizoloweshwa. Wakizisifu wao, Adama wafunge kiwanda." Akainama mezani, sauti ikashuka. "Sasa nasema tu. Tukitia kidogo. Kijiko kwenye gunia. Nani atajua?"

Demissew, aliyekuwa mlangoni na karatasi za zamu, alikohoa.

"Mimi nitajua," alisema. "Saa tisa."

"Wewe ulidhani ni njaa."

"Mara moja mtu hudhani."

Yeshimebet aliwatazama wote wawili. Mpaka dakika hiyo lilikuwa kosa la gunia. Kijiko hakikuwa kosa la gunia. Na alishtuka alipogundua kwamba kabla ya kukataa, alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya ukubwa wa kijiko.

"Surafel, toka."

"Nilikuwa nafikiri kimkakati."

"Nenda kafikirie nje. Wapigie masista, waambie wasubiri. Kisha kila duka, pakiti zote za mwanzo zirudi."

"Tuwaambie sababu gani?"

"Maziwa."

Hakumsubiri dereva. Alitembea mpaka nyumbani kwenye baridi, maana alijijua: akipanda gari atapata muda wa kubadili mawazo. Saa tisa ilikuwa imepita dakika chache. Emahoy alikuwa na biskuti mkononi, haijafika kwenye chai.

"Weka chini, Emahoy. Ina maziwa."

Bibi hakuiweka chini. Aliinusa upande mmoja, akaigeuza, akanusa wa pili.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jumanne nilikula mbele yako."

"Ndiyo, Emahoy."

"Ukaniuliza habari za sukari."

Yeshimebet alikaa sakafuni, kwenye mkeka, na sketi yake ya ofisi. Alitegemea kelele. Kelele angeziweza. Bibi alitafuta shali yake, akaivaa, akachukua fimbo.

"Twende kwa Abba," alisema. "Na wewe ndiye utakayesema. Mimi nitakuwepo kusikia kama umesema yote."

Abba Kinfe aliwapokea uani mwa kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta ndevu.

"Mimi niliwanunulia mashemasi katoni nzima," alisema. "Nikawa najiuliza kwa nini siku hizi hawachelewi darasani." Kisha akamgeukia Yeshimebet. "Aliyekula bila kujua hana deni kwa Mungu. Deni ni la aliyejua akakaa kimya."

"Kuanzia Jumanne," Emahoy alisaidia.

Jumapili, baada ya ibada, Yeshimebet alisimama mbele ya kipaza sauti cha kanisa. Alisema biskuti zina maziwa, alisema kosa lilivyotokea, na alisema alijua siku ngapi kabla ya kusema. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mwanamke mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama basi zile mpya ndizo za soya kweli. Akaambiwa ndizo. "Ndiyo maana," mwanamke alisema, na watu wakacheka, ila si wote.

Jumatatu kulikuwa na msururu getini. Yeshimebet alijiandaa kutukanwa, na alitukanwa, hasa na mwalimu mmoja mstaafu aliyejua kutukana kwa adabu. Lakini wengi walikuja na pakiti zao zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino.

"Hii si ya kurudisha, mama," fundi cherehani mmoja alimweleza Yeshimebet, akimkabidhi Demissew pakiti. "Ni ya kuniwekea. Nitaichukua Pasaka."

Kufika mchana stoo ya nyuma, yenye kufuli mbili, ilijaa biskuti za watu. Watu wa Adama walikuwa wametundika bango sokoni kwamba biskuti zao hazina maziwa. "Tumeonja," wenye maduka walimwambia Surafel. "Hazina chochote." Hata hivyo Adama waliuza sana mwezi huo, na Yeshimebet alilazimika kufuta zamu moja, na wanawake wa zamu hiyo hawakumsalimia sokoni. Surafel alikumbusha kwamba yeye alisema. Ni kweli alisema.

Emahoy naye alitoa hukumu yake. Deni ni la Yeshimebet, kwa hiyo atalilipa Yeshimebet: mpaka Pasaka hakuna maziwa, hakuna kahawa ya mlango uliofungwa, na hakuna kitu mdomoni kabla ya saa tisa.

"Na vidonda vyangu?"

"Vilete hapa tuviangalie."

Vidonda havikuonekana tena. Saa tisa ya siku ya kwanza Yeshimebet alikaa kwenye kigoda cha pili, tumbo likinguruma kama mtambo, na Emahoy akamsogezea pakiti mpya, halali, ya soya. Miaka yote ya kutengeneza biskuti hizo, hakuwahi kula hata moja. Alichovya, akatia mdomoni, akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Hii ndiyo tunayowauzia watu?"

"Kila mwaka," Emahoy alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ni mfungo. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Yeshimebet alimeza kwa shida, akavuta simu, akamwuliza Demissew karanga za kutilia ladha huja kwenye gunia la rangi gani.